Karatasi ya Shemasi Ozell

Katibu wa kanisa ametaka kila nyumba iandike habari za mtu wake mmoja, zitiwe kwenye kitabu cha miaka mia moja ya kanisa letu. Wengi wataandika juu ya marehemu wao. Mimi naandika juu ya mume wangu, na yu hai, yuko nje anapalilia bamia. Nikikosea atanisahihisha, na mimi nitamkatalia.

Jina lake Ozell Hardaway. Alizaliwa hapa hapa Haysboro, Alabama, na hajahama. Amefanya kazi kiwanda cha karatasi miaka thelathini na mitatu, kwenye mitambo ya kukaushia, na ncha ya kidole chake cha shahada ilibaki huko. Shuleni tuliacha wote wawili mapema, yeye darasa la kumi, mimi la nane. Lakini Jumapili ya tatu ya Agosti watu wenye shahada zilizotundikwa ukutani wanakuja ukumbi wa kanisa letu, wanakaa kwenye viti vya chuma, wanamsikiliza Ozell akieleza timu ya Chuo cha Pruitt mwaka huu itakuwaje. Nani kaondoka, nani kaja, nani ataanza, nani atakaa benchi, na watashinda mechi ngapi kati ya kumi na moja. Nasema mpira wetu huu wa kofia ngumu, wa kurushwa kwa mkono na watu kuangushana. Timu inaitwa Nyumbu. Hapa kwetu mtu anaweza asijue jina la gavana lakini anajua nani mrushaji wa Nyumbu.

Ilianza hivi. Mwaka 1993 Ozell alikuwa zamu ya usiku. Akitoka kazini asubuhi haji moja kwa moja nyumbani, anachelewa saa nzima, saa na nusu. Nikasema huyu ana mwanamke. Nikaazima gari la dada yangu nikamfuata. Nikamkuta ameegemea wavu wa uwanja wa mazoezi, peke yake, kahawa mkononi, anahesabu kwa vidole.

Nikamwuliza, "Unahesabu nini?"

"Hatua," akasema. "Za kurudi nyuma kabla ya kurusha. Yule mrefu anatumia tano, wenzake wanatumia saba. Wewe unafanya nini hapa na gari la Lurleen?"

Nilirudi nyumbani kukaanga mayai.

Basi Agosti ile tukawa na chakula cha samaki kanisani, kama kila mwaka, tunapowalisha wachezaji wapya ambao mama zao wako mbali. Mchungaji akauliza kwa mzaha kama Nyumbu watashinda hata moja, maana mwaka uliotangulia walishinda mechi moja tu. Ozell si msemaji. Mimi niliolewa naye nikiwa sijamsikia akisema maneno mia. Akasimama na kipande cha kambare mkononi akasema, "Saba." Watu wakacheka. Akaanza kueleza, mtu mmoja mmoja, kila nafasi, mpaka chai baridi ikaisha kwenye mapipa. Nyumbu walishinda saba.

Mwaka uliofuata mtu wa buchani akamletea karatasi ya kahawia ya kufungia nyama, ndefu kama kitanda. Tukaibandika ukutani karibu na mlango wa jiko. Tangu hapo ndiyo Karatasi. Anaandika kwa kalamu nene huku anasema. Kushoto walioondoka, kulia walioingia, na chini, kwa kila nafasi, jina la wa kwanza na jina la wa pili. Vituo vya televisheni vinaandika "huyu au yule". Kwenye karatasi ya Ozell hakuna "au".

Wanamwamini kwa sababu hampendelei mtu. Mwaka 2004 mchungaji tuliyekuwa naye alikuwa na mwanawe mdakaji, kijana mzuri, mwimbaji. Ozell akamwandika wa pili mbele ya baba yake, akasema, "Mikono yake migumu." Jumapili iliyofuata tulihubiriwa juu ya ulimi. Mwezi wa kumi yule kijana akadondosha mipira mitatu mechi moja, wa tatu ukiwa kwenye mstari kabisa wa kufungia. Mchungaji akaja kwetu mwenyewe na pai ya viazi vitamu. Ozell akatoa sahani mbili, wakala pai.

Ili awe hivyo amejiwekea masharti, na mimi ndiye ninayeyavumilia. Kuanzia tarehe moja Agosti mpaka siku ya Karatasi hazungumzi habari za timu na mtu yeyote ila mimi. Hasomi gazeti. Hasikilizi redio. Anakwenda wavuni na kiti chake cha kukunja, darubini na daftari, anatia pamba masikioni ili wazee wengine wanaokaa pale wasimwambie kitu. Anasema akishasikia jina na sifa zake, jicho linaharibika. Kwa hiyo anaandika namba za jezi na kile alichokiona. Majina anayajaza mwishoni.

Sasa nije mwaka huu.

Siku hizi wachezaji wanahama kama wapangaji. Mtu akikaa benchi miezi mitatu anafungasha. Baada ya msimu uliopita wameondoka arobaini na mmoja. Mkimbiaji wetu, aliyetupa raha miaka miwili, kaenda Texas walikomwekea mezani hela ambazo Pruitt haijawahi kuziona. Kwenye ukuta wa mbele, wale watano wanene wanaomkinga mrushaji asiangushwe, amebaki mmoja. Hata mpiga teke kaondoka. Wakaja thelathini na wanane kutoka kila pembe, na kocha mwenyewe inasemekana alikuwa anawaita "wewe" mpaka Julai.

Katika waliobaki alikuwapo mjukuu wetu Tavaris. Mtoto wa binti yetu wa kwanza, anatumia jina letu, kakulia Mobile, ni mrushaji. Mwaka huu ni wake wa nne hapo Pruitt, na miaka mitatu yote alikaa nyuma ya mtu mwingine, jezi namba kumi na mbili mgongoni, ubao wa maelekezo mkononi. Vyuo viwili vilimwita ahame. Akakataa. Aliniambia, "Bibi, nikiondoka nani atakula wali wako wa Jumapili?" Yule aliyekuwa mbele yake kamaliza masomo. Nafasi ikawa wazi. Halafu mwezi wa sita kocha akamleta kijana mwingine kutoka chuo kikubwa cha Georgia, Kendrell Sims, mrushaji naye.

Kwa hiyo niliweka wazi tangu siku ya kwanza ya Agosti. Ozell alikuwa anafuta darubini mezani.

"Mwaka huu mjukuu wako ni wa kwanza," nikamwambia.

"Nitaona."

"Utaona nini? Miaka mitatu amengoja. Asipoanza mwaka huu, basi tena, mpira umeisha. Na watu wanakuja kuangalia karatasi yako, hata kocha anamtuma mtu aje apige picha. Jina la kwanza lina maana."

"Ndiyo maana nitaona, Earlene."

"Na wewe kama babu?"

"Wavuni sina mjukuu."

Nilimpa uji wa mahindi bila siagi siku mbili.

Lakini siku ya tatu karudi anatabasamu. Ozell akitabasamu uso wote unahamia upande mmoja. Akakaa, akafungua daftari, akasema bila kuulizwa, jambo ambalo si desturi yake, "Kumi na mbili katulia. Miguu imetulia kabisa. Mpira unatoka mkononi kabla mdakaji hajageuka."

Nikaweka siagi.

Na kesho yake: "Kumi na mbili leo katupa mmoja wa yadi arobaini, nimesimama bila kujua." Na kesho kutwa: "Saba, yule mgeni, mkono anao, lakini mguu wa kushoto unachelewa. Mpira unatoka mguu ukiwa bado hewani. Huyo mbele ya walinzi wa kweli atawapa mipira."

"Maskini," nikasema, na wala sikumwonea huruma.

Siku kumi na tatu tuliishi hivyo. Alikuwa anaamka kabla saa haijalia. Alikuwa anaimba bafuni. Nilimpigia binti yetu Mobile nikamwambia anunue tiketi ya mechi ya nyumbani ya kwanza, viti vya mbele, mwanawe ataanza. Nilimwambia Dada Wilhelmina Crutcher pia, baada ya kwaya, kwa sauti ya kutosha wengine wasikie.

Jumamosi, siku moja kabla ya Karatasi, Tavaris alikuja kula mchana. Ozell akahamia bandani na sahani yake, kwa yale masharti. Kijana alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Nimekuletea fulana yako ya msimu, Bibi."

Ndugu za wachezaji huvaa fulana zenye namba ya mtoto wao. Mimi ninazo tatu, zote kumi na mbili. Nikaikunjua hii. Mgongoni imeandikwa HARDAWAY, na chini yake saba.

"Wamekosea dukani," nikasema. "Irudishe."

"Hawajakosea. Mimi ni saba sasa."

"Tangu lini?"

"Tangu Juni. Kendrell ameivaa kumi na mbili tangu ana miaka sita. Akaniomba. Mama yake ameichanja namba hiyo kwa wino mkononi, Bibi, hapa, kubwa kama kisahani. Ningefanyaje? Ningemwambia mama wa watu akajifute?"

"Ungemwambia achanje nyingine!"

Akacheka akaomba mkate wa mahindi. Mimi nikakaa. Yeye anakula, mimi naangalia ile saba. Babu yake haoni vizuri jicho la kulia, ana mtoto wa jicho na amekataa kufanyiwa upasuaji mpaka msimu uishe. Kwenye darubini anaona namba na miguu. Warushaji wote wawili ni warefu, wote weusi tii kama sisi, wote wanavaa jezi nyekundu ya mazoezi isiyo na jina, inayowaambia wengine wasiwaguse. Na kofia usoni. Na pamba masikioni kwa babu.

Tavaris alipoondoka niliosha vyombo vyote, hata vilivyokuwa safi.

Nitasema ukweli, nilifikiria kunyamaza. Kesho angesimama aandike "Tavaris Hardaway" juu kabisa kwa kalamu nene, aseme sababu zake, na hakuna anayeweza kusema kapendelea kwa sababu yeye mwenyewe anaamini. Lakini wazee wa wavuni wanajua nani anavaa nini. Wangemcheka ukumbini. Wangesema Shemasi kazeeka, hamjui hata mjukuu wake. Mimi naweza kumcheka Ozell. Wao hapana.

Nikaenda bandani. Alikuwa anakata vipande vya utepe wa gundi, anavipanga kwenye ukingo wa meza. Nikaiweka ile fulana mbele yake, namba juu.

Akaitazama. Akavua miwani, akaivaa tena.

"Tangu lini?"

"Juni. Kampa yule mgeni kumi na mbili. Kwa sababu ya mkono wa mama yake."

Akafungua daftari, akalisoma lote tangu ukurasa wa kwanza, kidole kile kifupi kikishuka mstari kwa mstari. Mimi nimesimama. Alipomaliza akasema, "Nilikuwa na furaha sana asubuhi zile, Earlene."

"Basi futa uanze upya. Jicho lako bovu."

"Jicho liliona. Jina ndilo sikujua."

"Hapana, Ozell. Ngoja nikuambie na usikie, huna pamba sasa. Wewe ulimsifu kumi na mbili kwa kuwa ulidhani ni wako. Na saba ulimtafutia kasoro kwa kuwa ulidhani mgeni. Miaka yote unasema wavuni huna mjukuu. Mwaka huu ulikuwa naye siku kumi na tatu, ila ulimwona kwenye jezi ya mtu."

Hilo nililisema ili amrudishe Tavaris juu. Lakini lilimwingia kwingine. Alikaa chini kwenye ndoo. Nilimwona mtu anayejiuliza kama miaka yote ile aliona kweli au alibahatisha.

Kisha akasema, "Kuna mazoezi saa kumi. Ya mwisho. Chukua kofia yako ya jua."

"Mimi?"

"Wewe. Mimi siwezi kujiamini leo. Wewe utashika darubini."

"Mimi nataka Tavaris awe wa kwanza, unajua."

"Najua. Kwa hiyo ukisema kachelewa, nitakuamini."

Sikuwa nimekwenda kwenye ule wavu tangu ile siku ya gari la Lurleen. Joto lilikuwa la kuyeyusha viatu. Wazee walikuwa wamepanga viti vyao kwenye kivuli cha tangi la maji, Ndugu Purvis Odom katikati, huyu ni kinyozi mstaafu na mdomo wake haujastaafu.

"Lo! Shemasi kaleta ulinzi!"

"Ndugu Purvis, kula karanga zako," nikamwambia.

Ozell akanionyesha kitu kimoja tu. Mrushaji anaporudi nyuma na kusimama, mguu wa kushoto lazima ukanyage chini kabla mpira haujatoka. Ukikanyaga kwanza, sema "sawa". Mpira ukitoka kwanza, sema "umechelewa". Basi. Yeye akageuza kiti chake, akaupa uwanja mgongo, daftari juu ya goti. Alikuwa anaandika namba na neno langu.

Nikaanza. "Kumi na mbili, sawa. Kumi na mbili, sawa. Saba, sawa." Nikafurahi. "Saba, sawa. Kumi na mbili, umechelewa!" Hapo nilipaza sauti hadi Purvis akageuka. Halafu, "Saba..."

"Saba nini?"

"Subiri, jasho limeingia machoni."

"Saba nini, Earlene?"

"Umechelewa."

Tulihesabu mirusho ishirini kwa kila mmoja. Mguu ule wa Tavaris nimeuosha alipokuwa mchanga, haujajua hata kukanyaga. Unaning'inia hewani kidogo tu, kiasi cha kufumba jicho, na mpira umeshaondoka na kwenda juu ya kichwa cha mdakaji. Mara nyingine unakwenda vizuri ukashangaza. Lakini mara nyingine hauendi. Yule Kendrell anakanyaga kama anayeweka kisahani mezani.

Ozell akajumlisha. Kumi na mbili, amechelewa mara tatu. Saba, mara tisa. Akafunga daftari akaniuliza kama nina kiu. Njiani akaninunulia aiskrimu ya pichi dukani, na hanunui ovyo.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka vijana wakakaa madirishani. Kambare, kabichi, mkate wa mahindi, vijana wapya wakubwa kama makabati wanakula sahani ya tatu. Tavaris alikuwa nyuma karibu na mapipa ya chai. Kendrell alikuwa meza ya Dada Wilhelmina, maana Dada Wilhelmina alishamfanya mtoto wake wa msimu, na alikuwa ananiangalia kwa jicho la kusema tutaona.

Ozell akaanza kama kawaida yake, polepole. Akaandika walioondoka, wote arobaini na mmoja, bila kutazama popote. Akaandika walioingia. Alipofika kwenye ukuta wa mbele akasema, "Wanne wapya. Wanene kuliko wa mwaka jana, lakini hawajuani. Kushoto wanakanyagana. Mpaka mechi ya nne mrushaji atakuwa anakimbia sana."

"Atakimbilia wapi, Shemasi?" Purvis huyo.

"Akikimbilia kwako, mpe kiti."

Kwenye nafasi ya mkimbiaji akaandika kijana mdogo wa Selma, mwaka wa kwanza, juu ya mtu mzima aliyetoka Florida. Kelele. Yule wa Florida akaacha kutafuna. "Wa Selma haanguki kwa mkono mmoja," Ozell akasema, "wewe unaanguka. Ongeza mapaja." Ulinzi akausifu, wadakaji akasema ni wepesi ila hawapendi kumkingia mwenzao. Mpiga teke mpya alikuwa anacheza kandanda tu maisha yake yote, kocha alimwokota uwanja wa jirani. "Huyo msimguse, mwacheni kama alivyo."

Ikabaki nafasi moja. Vijana wa madirishani wakainama mbele.

Ozell akaweka kalamu chini. "Kabla sijaandika hapa nina neno. Siku kumi na tatu nimekwenda wavuni nikamsifu kumi na mbili. Nimemsifu sana. Nilidhani ni mjukuu wangu. Sikujua wamebadilishana."

Kicheko kilichotoka kilitikisa taa. Purvis alisimama kabisa. "Nilijaribu kukuambia, Shemasi! Ukanionyesha pamba!"

"Ndiyo, ulijaribu."

"Mwenyewe ukamnyima mjukuu! Pale wavuni unanong'ona, saba mgeni, saba mgeni!"

"Ndugu Purvis," nikasema kutoka jikoni, "nina sufuria ya mafuta hapa." Akakaa.

"Kwa hiyo sikuliamini daftari," Ozell akasema. "Jana nilimpeleka mtu mwingine akaangalie, mtu asiyetaka kuona alichokiona. Nimeandika alichosema." Hakunitaja. Kila mtu akageuka kutazama jikoni.

Akachukua kalamu. Akaandika, Kendrell Sims. Chini yake, Tavaris Hardaway, kwa herufi kubwa zile zile. Akasema, "Wa pili anaijua michezo yote ya kocha kuliko wa kwanza. Mguu wa kushoto unachelewa. Mguu unafundishika. Leo, huyu ndiye wa kwanza." Halafu akaandika chini kabisa, Ushindi sita, akafunga kalamu.

Dada Wilhelmina alikuwa na adabu ya kutosha kutotabasamu. Kendrell aliangalia sahani yake. Mimi nilikuwa namtazama Tavaris. Akaweka kikombe chini, akapita katikati ya viti vyote vile, akaenda mpaka kwenye karatasi, akaisoma kama hajaisikia.

"Wa kushoto, Babu?"

"Wa kushoto."

"Kocha ananiambia hivyo tangu Machi. Nikadhani ananitafutia sababu ya kumleta mtu wake."

"Mimi sina mtu wangu."

"Najua." Akakuna kichwa. "Uko nyumbani kesho asubuhi?"

"Nitakwenda wapi? Karatasi imeshaandikwa."

Kesho yake kabla ya kifungua kinywa nikasikia kishindo uani. Kijana anarudi nyuma hatua tano, anakanyaga, anarusha kwenye tairi lililofungwa mti wa pekani. Babu yake kakaa kwenye kiti cha kukunja, hana darubini, hana pamba. "Tena," anasema. "Tena. Umechelewa. Tena." Wamefanya hivyo kila asubuhi mpaka leo. Jumamosi hii Nyumbu wanakwenda Georgia kwenye chuo kikubwa kinachotulipa ili kitupige, na Kendrell ndiye atakayeanza, kocha katangaza kwa mdomo wake. Binti yetu nilimwambia asirudishe tiketi ya ile mechi ya nyumbani. Nimeshaifua ile fulana ya saba mara moja ili ilainike shingoni.

Hayo ndiyo ya Ozell Hardaway. Mengine, ya kiwanda na ya ndugu zake, ataandika mwenyewe akitaka. Jambo moja tu sijamwambia, na kwa kuwa atasoma kabla sijampa katibu, naliweka hapa. Siku ile wavuni, mara ambazo saba alichelewa, nilihesabu kumi na moja, nikamtajia tisa.